Mafuta ya mbegu za kivumbasi yanafaa kukaangia?

SWALI: Shikamoo bibi. Huku Kibosho kivumbasi kimejaa kando ya mfereji wetu, na majani yake tunayachoma jioni kufukuza mbu. Shemeji yangu amesikia kwamba mbegu zake zina mafuta mazuri kuliko ya alizeti. Anataka tuzichume tukazikamue mashineni. Yana nini ndani, na yanafaa kukaangia?
Mama Wawili, Kibosho

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapa kwangu Tengeru kivumbasi kimeota mlangoni, basi kabla ya kukujibu nilivipekecha vishada vilivyokauka, nikapepeta kwa ungo. Saa nzima, kijiko kimoja cha mbegu! Nikaziponda kwenye karatasi ya daftari, na pembeni yake nikaponda jani bichi. Kesho yake ile harufu ya jani, inayofanana na karafuu, ilikuwa imekwenda na hewa. Doa la mbegu lilikuwepo palepale, na ukiinua karatasi dirishani linapitisha mwanga. Usiyachanganye mafuta hayo mawili. Ya jani ni ya harufu, hayaliwi kama chakula. Ya mbegu ndiyo anayoyasema shemeji.

Na kwa ubora hakukosea. Mbegu za jamii ya rehani na kivumbasi zina mafuta kama asilimia 18 hadi 26 ya uzito wake. Katika mafuta hayo, omega-3 ya mimea, aina ya mafuta ambayo mwili unaihitaji na hauwezi kujitengenezea, huwa kati ya asilimia 44 na 65, na omega-6, ndugu yake, kati ya 18 na 31. Alizeti ya kawaida imejaa omega-6, omega-3 yake haifiki hata asilimia 1.

Lakini kukaangia, hapana. Omega-3 haivumilii moto, wala mwanga, wala hewa. Mafuta huchacha upesi, na kile ulichokitafuta kinapotea kwenye kikaango. Halafu piga hesabu: lita moja inataka kilo tatu na nusu hadi 5 za mbegu, hata mashine ingetoa kila tone, na wewe unajua mafuta mengine hubaki kwenye mashudu. Mimi kijiko kimoja kilinichukua saa nzima. Kivumbasi kiacheni kifukuze mbu.

Kwa kula, panda rehani, mbegu zake huliwa; ukiziloweka zinavimba na kuvaa utelezi. Au nunua chia, ndugu yao wa ukoo huohuo, asili yake Meksiko na Guatemala. Kijiko kikubwa cha chia, kama gramu 12, kina gramu 2 hivi za omega-3. Mwanamke anahitaji kama gramu 1.1 kwa siku. Mbegu hizo twanga chache tu, za siku mbili tatu, utie kwenye uji ukishaepua.

Watoto usiwanyime dagaa kwa sababu ya chia. Mwili hugeuza sehemu ndogo sana ya omega-3 ya mimea kuwa ile ya samaki, na ubongo wao unaitaka hiyo ya samaki.