Uko Dubai, mama yuko Lushoto, simu za WhatsApp hazipiti: fanya hivi

Mtoa mada yuko Dubai, bi mkubwa wake yuko Lushoto. Simu za WhatsApp hazipiti na mama ameanza kunung'unika kwamba ametelekezwa. Mkuu, simu yako haina ubovu. Mitandao ya Imarati inazuia simu za sauti na video za WhatsApp. Maandishi, picha na sauti za kurekodi zinapita. Wapo watakaokwambia uweke VPN, yaani programu ya kuficha anwani yako ya mtandao. Sheria ya huko inamtoza anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa faini inayoanzia dirham 500,000, kwa hiyo mimi simo. Tumia programu yenye kibali huko, mfano BOTIM. Lazima iwepo na kwa mama, na kuiweka mwenyewe ataona mlima, kwa hiyo mtume kijana aliye karibu naye.

Hata hivyo, simu ya video iwe ya Jumapili tu. Inakula MB kadhaa kwa dakika, na mtandao ukiyumba mnamaliza bando kwa "haloo, haloo, unanisikia?". Dubai iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo saa mbili usiku ya kwao kwako ni saa tatu.

Siku nyingine zote tumia sauti za kurekodi. Dakika moja haifiki hata robo ya MB, na mama anaisikiliza akitoka shamba, akitaka mara tatu. Mfundisheni hivi: abonyeze alama ya kipaza sauti, bila kuachia apandishe kidole hadi kwenye kufuli, ndipo aachie, aongee kwa raha zake, kisha aguse mshale wa kutuma. Wazee wengi wanakwama hapo tu. Anaachia mapema, inakwenda sauti ya sekunde mbili, "Mwanang...", anaona aibu na harudii tena. Na wewe usimtumie hotuba ya dakika tisa. Dakika moja na nusu inatosha, na umalizie kwa swali ambalo hawezi kulijibu "salama" akanyamaza: maharage ya kule bondeni yameshatoa maua?

Kinachoharibu zaidi ni simu kujaa. Kundi la ukoo linamwaga picha za "asubuhi njema" na video za mahubiri hadi simu ya GB 16 inafurika, sauti yako haipakuliki, na mama anaamini hujatuma. Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, mzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, video na nyaraka. Sauti za kurekodi zitaendelea kuingia zenyewe. Chati yako ibandikwe juu kabisa, asiwe anaitafuta chini ya matangazo ya harusi.

Wezi nao wapo. Wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, na mama asimsomee mtu yeyote zile tarakimu 6 za WhatsApp zinazokuja kwa meseji. Kisha mkubaliane swali la siri. Ukija ujumbe "mama, nimebadilisha namba, ile hela tuma huku", aulize kwanza: yule ng'ombe tuliyemuuza tulikuwa tunamwitaje? Jibu lake lisiandikwe popote, hasa kwenye kundi la ukoo.