Anzia kwenye Jani: Kumlea Kipepeo wa Mlimau Tangu Yai

Mlimau ulio nyuma ya nyumba yangu hapa Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, niliupanda kwa ajili ya chai na samaki, wala sikuwa na nia ya kufuga mdudu yeyote. Hata hivyo, kwa miaka 6 sasa umenipa vipepeo wengi kuliko malimau, na wageni wanaowaona wakitoka huniuliza wafanye nini ili nao wapate wa kwao. Huwaambia waache kumkimbiza kipepeo na badala yake watafute jani analotagia, kwa sababu karibu makosa yote niliyoyafanya yalitokana na kulidharau jani.

Kipepeo ninayemzungumzia ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Majirani zangu wanaozungumza Kiganda humwita ekiwojjolo tu, kama wanavyowaita vipepeo wengine wote, ingawa Uganda ina zaidi ya aina 1,200 za vipepeo. Nampendekeza kwa anayeanza kwa sababu mahitaji yake hayana siri: palipo na mlimau, mchungwa au mchenza, naye hakosi kupita.

Wakati mzuri wa kutafuta mayai ni wiki chache baada ya mvua kuanza, yaani mwezi wa Machi au Aprili, na tena kuanzia Septemba, miti inapochipua majani mapya. Jike hutua, akalipapasa jani kwa miguu yake ya mbele ili kuonja kama ndilo, kisha akataga yai moja na kuondoka. Yai hilo ni la mviringo, lina rangi ya manjano hafifu na halizidi punje ya ulezi. Usilibandue kwa kucha, bali kata kijiti kizima pamoja na jani lake. Kwangu mayai mengi huanguliwa baada ya siku 4 hadi 6, na chakula cha kwanza cha kiwavi ni ganda la yai alilotokea.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo nilipowapoteza wengi. Mwaka wa kwanza majani laini ya mlimau yaliniishia, nami nikadhani jani ni jani, nikawawekea viwavi 4 majani ya ovakado yaliyokuwa yamejaa uani. Hawakuyagusa. Walizunguka juu yake siku mbili wakafa kwa njaa. Kiwavi wa kipepeo huyu hula hasa mimea ya jamii ya mlimau, na ukimpa isiyo chakula chake hafanyi hata jaribio la kuizoea. Kwa hiyo, kabla ya kuleta yai ndani, hakikisha kwamba una mti wa kulishia viwavi kwa takriban mwezi mmoja, na kwamba mti huo haujapuliziwa dawa. Niliwahi kupokea tawi zuri la mchungwa kutoka kwa rafiki ambaye hakukumbuka kuniambia kwamba alikuwa amepulizia shamba lake siku chache kabla, na kufikia jioni hakubaki kiwavi hata mmoja.

Kosa jingine lilikuwa chupa ya plastiki yenye kifuniko. Unyevu uliganda ukutani mwa chupa, kinyesi kikaota ukungu, na viwavi wakalegea na kuwa weusi. Siku hizi natumia ndoo pana iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua. Ndani yake husimamisha kijiti kwenye kichupa cha maji ambacho mdomo wake nimeuziba kwa pamba, kwa kuwa kiwavi akiona njia ya kushuka majini hushuka akazama. Kinyesi nakitoa kila asubuhi.

Usishangae sura yake inapobadilika. Akiwa mdogo ana rangi ya kahawia iliyokolea na baka jeupe mgongoni, na mtu asiyemjua angeapa kwamba ni kinyesi cha ndege, jambo ambalo bila shaka humsaidia dhidi ya ndege wenyewe. Hujivua ngozi mara 4 akiwa kiwavi, na baada ya mara ya nne huwa wa kijani, mnene, mwenye urefu wa karibu sentimita 5. Kabla ya kila kujivua hutulia bila kula kwa muda wa siku moja hivi. Usimguse wakati huo, wala usidhani amekufa. Ukimsumbua wakati mwingine, hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali isiyotoka upesi vidoleni.

Sitaki mtu aelewe kwamba kila kiwavi anastahili ndoo. Wale wa kipepeo mwingine, Acraea acerata, wanaofuma utando kwa makundi juu ya viazi vitamu, mimi huwachuma na majani yao nikawaponda, kwa sababu wanaweza kuliacha shamba zima bila majani.

Kiwavi wa mlimau akishakomaa huharisha, huacha kula na kuanza kutangatanga. Mwekee vijiti vikavu. Atajifunga kwa nyuzi mkiani na kwa mshipi mwembamba kiunoni, kisha kesho yake atajivua ngozi kwa mara ya mwisho na kuwa pupa, yaani ganda ambamo hugeuka kipepeo, ya kijani au ya kahawia kutegemea mahali aliposhika. Hafumi kifukofuko, maana hiyo ni kazi ya nondo wengi. Kwangu pupa hukaa wiki mbili au zaidi.

Siku ya kutoka, weka mikono yako mbali. Mwaka wa pili nilimwona mmoja akihangaika, nikampasulia ganda kwa wembe, na mabawa yake hayakukunjuka kamwe. Kipepeo hutoka akiwa na mabawa madogo yaliyokunjamana, na hayo hutanuka kwa maji ya mwilini anayoyasukuma ndani yake akiwa amening'inia. Asipopata mahali pa kushika na nafasi ya kuyateremsha, yatakauka yakiwa yamepinda. Baadaye hudondosha tone la maji mekundu ya kahawia. Mjukuu wangu alipoliona alipiga kelele, "Jaja, anatokwa damu!" Ni taka tu zilizobaki kutoka kwenye pupa. Mpe saa chache, kisha ifunue ndoo.

Huenda pia ukakuta pupa imekauka, ina kitundu kidogo ubavuni, na ndoo imejaa nyigu wadogo mno. Nyigu walitaga ndani ya pupa kabla hujaiingiza nyumbani, au walipenya kwenye chandarua chenye matundu makubwa. Nilikuwa nikiwaua kwa hasira. Sasa nawafungulia waende kwenye mlimau, kwa kuwa bila wao viwavi wangeumaliza, nami ningekosa jani la kuwalisha wale walio ndani.