Kirusi anataka nini na mwanga wa jua?

SWALI: Shikamoo mhariri, nimesikia kuna virusi vya baharini vina jeni za usanisinuru, sasa kirusi si hali wala hapumui, anazitumia wapi? Na zote ni zilezile? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Ni kweli kabisa, na kwangu mimi hii ni moja ya habari tamu sana za bahari. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walitangaza kirusi kinaitwa S-PM2, kinashambulia sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) aina ya Synechococcus, wakakuta kimebeba jeni mbili za usanisinuru, psbA na psbD. Sasa hiyo psbA ndo inatengeneza protini ya D1, kipuri cha mtambo wa seli wa kunasa mwanga, na D1 inaharibiwa na mwanga kila saa, seli lazima iunde nyingine, ila kirusi kikishaingia kinazimazima jeni za mwenyeji, yaani bakteria aliyeshambuliwa, kwa hiyo bila spea yake umeme, yaani nguvu ya seli, ungekatika kabla hajamaliza kujizalisha, ndo maana anakuja na yake mfukoni.

Zilezile? Hapana. psbA iko kwenye virusi wengi, psbD kwa wachache zaidi, wengine hawana hata moja, halafu 2009 zikaonekana hadi jeni za fotosistemu ya kwanza, mtambo mwingine wa kunasa mwanga (D1 ni ya fotosistemu ya pili). Na hazikai tu, zinabadilika na kuchanganyika na za bakteria, yaani kipande cha psbA kimoja kinaweza kuwa nusu cha kirusi nusu cha mwenyeji. Wengine wana na jeni ya CP12, hiyo inazuia seli isitengeneze sukari, nguvu yote iende kuunda DNA ya virusi!