Hardknott na gari ya kukodi: pita, ila siyo kwa haraka

Dada, umeuliza kama utoke Ambleside kwenda Eskdale kwa Hardknott, ile barabara ya mlimani kule Lake District, Uingereza, na gari ndogo ya kukodi, mama mzazi yuko siti ya nyuma. Inawezekana kabisa kama jua linawaka na barabara kavu. Kimo chenyewe toka usawa wa bahari ni mita 393 tu, njia jirani ya Kirkstone imeizidi, shida ni mwinuko, kuna sehemu unafika asilimia 33 halafu kona zimejikunja na njia ni ya gari moja. Kwanza utavuka Wrynose, njia nyingine ya mlimani, hiyo ikikutoa jasho basi geuza mapema, zunguka na barabara ya A593 mpaka Broughton, ni mbali ila mama atasinzia vizuri.

Kushuka upande wa Eskdale weka gia ya kwanza uache injini ishikilie gari, ukikanyaga breki muda wote zitachemka na utaanza kunusa harufu. Anayepanda mpishe wewe, usimsimamishe katikati ya mlima. Ukiona barafu au theluji achana nayo. Chini kidogo ya kilele kuna magofu ya ngome ya Warumi, simameni hapo mama anyooshe miguu, na breki zipoe.