Loki za Milango na Buti katika Gari la Umeme: Mambo ya Kujua Kabla Hujamwita Fundi

Tangu nianze kuendesha Nissan Leaf iliyoagizwa Japani ikiwa imeshatumika, maswali ninayoulizwa na jamaa na majirani wenye magari kama hilo hayahusu sana chaji wala umbali, bali milango. Kwa nini inakataa kufungwa? Kwa nini buti limefunguka ilhali gari limefungwa? Kwa nini ufunguo uliofanya kazi asubuhi unagoma jioni? Mara nyingi nikienda kutazama nakuta hakuna kilichoharibika. Loki hizo hufuata masharti machache ambayo gari halikuelezi, nayo karibu yote yanahusu mahali ulipo ufunguo na kama gari limezimwa kweli.

Tuanze na jinsi zinavyofanya kazi. Unapobonyeza kitufe kidogo cheusi kilichopo kwenye kitasa cha mlango, gari hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini ambayo kwa makusudi hayafiki mbali. Ufunguo ulio mfukoni ukiyapokea huamka na kujibu kwa masafa ya juu zaidi, ukituma namba ya siri, na gari likiitambua namba hiyo ndipo loki huachia. Katika Leaf, ufunguo unatakiwa uwe ndani ya takriban sentimita 80 kutoka kwenye kitufe kilichobonyezwa, si kutoka kwenye gari kwa jumla. Kwa hiyo mke akisimama upande wa abiria na ufunguo umo kwenye mkoba wake, mume anaweza kubonyeza upande wa dereva mpaka achoke. Simu iliyobanana na ufunguo mfuko mmoja nayo huweza kuvuruga mawasiliano hayo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayoitazama mtu anapolalamika kwamba ufunguo wake una siku zake za kugoma.

Buti ndilo linalowatia watu wasiwasi zaidi. Mtu hufunga gari, huzunguka nyuma kuhakikisha, hubonyeza kitufe cha buti, nalo hufunguka. Papo hapo huamini kwamba loki ya nyuma imekufa. Lakini ufunguo anao mfukoni, na gari limeshautambua. Ukitaka kupima buti kwa haki, mwachie mwenzako ufunguo asogee nao hatua kadhaa, kisha bonyeza. Kwa milango ya Leaf kipimo ni rahisi zaidi, kwa sababu kuvuta kitasa bila kugusa kile kitufe cheusi hakufungui loki hata kama ufunguo unao. Vuta tu uone. Yako magari mengine ambayo kitasa chenyewe huhisi mkono na kufungua mara kinapoguswa, na kwa hayo kipimo cha kuvuta kitasa hakifai ukiwa na ufunguo.

Kipimo hicho si cha kupuuza. Wapo wezi wa maegesho wanaotumia kifaa cha kuziba mawimbi ya rimoti: wewe unabonyeza huku ukitembea kuelekea dukani, gari halisikii, na milango inabaki wazi. Mazoea yangu ni kufunga kwa kitufe cha kitasa nikiwa nimesimama kando ya gari, nikasikia mlio na kuona indiketa zikimweka, kisha nikavuta kitasa.

Sasa nije kwenye jambo linaloligusa gari la umeme kuliko gari lolote la petroli. Dada yangu aliniita kwenye maegesho ya supamaketi akiwa na hakika kwamba loki zote zimeharibika. Kila alipobonyeza kitufe cha kitasa, gari lilitoa mlio mfululizo na milango ikabaki wazi. Mlinzi alikuwa ameshamshauri atafute mtu wa kuing'oa loki. Nikachungulia dashibodi: gari lilikuwa bado limewaka. Kwa kuwa hakuna mngurumo wa injini wa kumkumbusha, alikuwa ameliweka kwenye maegesho na kushuka bila kubonyeza kitufe cha kuzima, na Leaf haikubali kufungwa kwa kitufe cha nje ikiwa imewaka, wala ikiwa kuna mlango ambao haujafungwa vizuri. Huenda dashibodi ilikuwa inamweleza hivyo, ila kwa Kijapani, kama ilivyo kwa magari mengi yanayotoka huko. Hapo kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri husaidia sana.

Ukisahau ufunguo ndani, gari kwa kawaida huutambua na kukuonya kwa mlio. Usiutegemee uangalizi huo kupita kiasi, maana pembe za buti, sehemu iliyo karibu na kioo na mifuko ya milango ni mahali ambapo ufunguo unaweza usionekane na antena, hasa ukifunikwa na vitu vya chuma.

Hitilafu ya kweli, inapotokea, aghalabu hutoka kwenye betri ndogo ya volti 12. Wengi hawaamini kwamba gari lenye betri kubwa ya kilowati-saa 24 au 40 linaweza kushindwa kufungua mlango, lakini loki, taa na kompyuta zote za gari huendeshwa na hiyo ndogo, na ikifa, ile kubwa haikusaidii kitu ukiwa nje. Njia ya kuingia ni hii: pembeni mwa ufunguo kuna kijilachi, kisukume, na ndani utachomoa ufunguo mwembamba wa chuma. Huo hufungua mlango wa dereva peke yake. King'ora kikilia, usishtuke. Ukiwa ndani, vuta mkono wa boneti, ambao hutumia waya wa chuma na hauhitaji umeme; betri ndogo iko hapo mbele, na unaweza kuibusti kutoka gari lingine, mradi usiguse nyaya zozote za rangi ya chungwa, kwa kuwa hizo ndizo za volti kubwa.

Buti halina tundu la ufunguo. Ukilazimika kulifungua bila umeme, laza viti vya nyuma, tambaa hadi mlangoni, na utafute kifuniko kidogo upande wa ndani. Nyuma yake kuna kikono cha kufungulia. Kwa hiyo nyaya za kubusti betri nakushauri uziweke chini ya kiti, si ndani ya buti. Tesla Model 3, kwa kulinganisha, haina tundu la ufunguo mahali popote: ikiishiwa na umeme wa betri ndogo, huna budi kupeleka umeme wa nje kwenye nyaya mbili zilizofichwa nyuma ya kifuniko cha bampa la mbele ili boneti ifunguke. Mwenye nayo avijue hivyo mapema.

Betri ya ufunguo wenyewe ni jambo dogo. Leaf nyingi za mwanzo hutumia CR2025, ambayo fundi saa yeyote anayo. Asikupe CR2032, kwani upana wake ni uleule lakini ni nene kwa milimita 0.7. Ikiisha ukiwa safarini, ingia kwa ufunguo wa chuma, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, na ukisikia mlio kibonyeze. Chipu iliyo ndani yake haihitaji betri.

Mwisho, ununuzi. Magari ya Japani hutumia ufunguo wa megahezi 315, na ya Uingereza 433, kwa hiyo ufunguo wa akiba ulioagizwa mtandaoni kwa kutazama picha tu unaweza kufanana kwa kila kitu na usikubali kuunganishwa na gari lako. Kabla hujalipa, dai funguo mbili. Jaribu kila mmoja kwenye milango yote na kwenye buti, halafu chomoa ule wa chuma uuzungushe mlangoni: katika gari lililokaa miaka bila kuutumia, tundu huwa limeshika kutu, na ni afadhali uligundue hilo muuzaji akiwa bado amesimama mbele yako.