Anza na neno lake

Mwanangu,

Salamu zimefika. Umeuliza: dada wa kazi hajui kusoma wala kuandika, je, umlipie masomo ya jioni au umnunulie cherehani, na kusoma kutamchukua miezi mingapi?

Miezi tuiache kwanza. Mtu anaweza kumaliza kitabu kizima asijue kusoma, na shahidi ni bibi yako mzaa mama. Kile cheti chake cha kisomo unakijua, ni cha zama zile baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima. Kwetu Usukumani vitabu vilikuwa vya pamba na ng'ombe. Cha pamba alikishika chote kichwani. Ukigusa ukurasa tu, anaghani. Siku ya kuuza, karani wa ghala akamwandikia stakabadhi, naye akaifunga kwenye pindo la khanga, akashukuru. Mshale wa mizani ulikuwa umesimama kwenye 34. Karatasi ilisema 31. Kilo tatu zikaenda hivihivi, mbele ya mtu mwenye cheti. Linaniuma mpaka leo, maana walimu tulimfundisha kuimba, tukaita kusoma.

Msimu uliofuata darasa likahamia chini ya mwembe, mizani ikaning'inizwa tawini. Gunia tupu linapimwa, namba inaandikwa. Gunia lenye pamba linapimwa, inaandikwa. Kisha wanatoa. Bibi yako alirudi kwa karani yuleyule, wala hakupaza sauti: "Mwanangu, hebu soma tena hapo." Kalamu ikafuta, ikaandika upya. Alivyotembea kurudi nyumbani siku ile!

Ndiyo maana nasema kila siku: anza na neno lake. Paulo Freire, yule Mbrazili, alifanya hivyo mwaka 1963 huko Angicos, vibarua 300, saa 40, akitumia maneno ya kazi na maisha yao wenyewe, kama tofali, na kuyakata silabi. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, naye akatiwa ndani. Fikiria, kufungwa kwa ajili ya silabi.

Muulize huyo binti anatamani kusoma nini. Akisema simu, umebahatika: ni si na mu tu, kila moja na ndugu zake. Kata boksi upate kadi kumi: sa se si so su, ma me mi mo mu. Mwache apange mwenyewe. Atapata sema, soma, sima, masomo. Atapata na sumu, na hapo mpe ile chupa ya dawa ya panya iliyo chini ya sinki alitafute neno hilo kwenye karatasi yake. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, mchana watoto wakilala. Saa tatu usiku baada ya vyombo hakuna kichwa kinachoshika. Ng', mbw na nyw zisubiri. Kila siku changanya kadi upya, maana akizoea mpangilio atakariri, nawe utadhani anasoma. Akikosea, usimtajie neno. Mrudishe kwenye silabi. Na mshahara wake uandikwe kwenye daftari, tarehe na kiasi, msaini wote wawili, daftari akae nalo yeye.

Lakini najibishana na nafsi yangu. Bibi yako mzaa baba hakuijua hata a, na pale kijijini hakuna aliyemshinda utu. Na wasomi wenye shahada wanaomlaza dada wa kazi jikoni unawajua. Kwa hiyo utu hauletwi na herufi. Sawa. Ila yule bibi naye alikuwa akikabidhi barua zake kwa mtoto wa jirani, na siri zake zote zikajulikana mtaa mzima. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: mtu asilazimike kupitia kinywa cha mwingine ili ajue yake mwenyewe.

Kuhusu cherehani, sitaki kukuamulia. Nyumba ni yako, fedha ni yako, na yeye ni mtu mzima, hamjamuuliza. Ila futi ya fundi ina namba, na kifua 36 na kiuno 28 zikipinduliwa, kitambaa cha mteja kimeharibika na yeye atalipa. Haya, nimenyamaza.

Nipigie Jumapili uniambie amechagua neno gani.

Mama yako