Dagaa, sabuni na walinzi wa gorila: majibu kwa wasomaji

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma Mjini. Tuko akina mama 16 kwenye kikoba chetu. Binamu yangu, ambaye tulikua naye huku baada ya wazazi wake kukimbia vita, alirudi Kongo na sasa anaishi kijiji kilicho jirani na hifadhi ya Kahuzi-Biega. Yeye na wenzake wanajitolea kulinda gorila. Wanazunguka msituni kutegua mitego na hawalipwi chochote. Mwezi uliopita alinitumia picha: miguuni ana yeboyebo zilizoshonwa kwa uzi wa nyavu. Sisi tumekubaliana kuchanga shilingi 640,000. Wengine wanataka tuwashonee sare za kijani, wengine tutume fedha taslimu. Mume wangu anauliza kwa nini tunalisha nyani wakati watu wana njaa. Tufanyeje? Na je, milima yetu hii haina gorila?
Mama D., Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Nikuondoe kwanza wasiwasi wa jina. Tanzania haina gorila wa porini. Hao wa Gombe, Mahale na misitu ya Masito na Ugalla ni sokwe. Gorila ni mkubwa zaidi, dume lililokomaa hufikia kilo 200 hivi, na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi humwita ingagi. Hao anaowalinda binamu yako ni gorila wa nyanda za chini za mashariki, na nje ya mashariki ya Kongo hutawaona kwenye msitu wowote duniani. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000. Vita vikaingia, wachimba madini wakajaa misituni na bunduki zao na njaa zao, na mwaka 2016 makadirio yakashuka hadi 3,800. Mwaka 2021 watafiti walipofika maeneo mengi zaidi wakatoa hesabu ya 6,800. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne hivi. Ukitoa mmoja leo, pengo lake halizibiki haraka.

Sasa fedha zenu. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwenye zile yeboyebo natulia, maana nami nimezivaa. Nilijitolea miaka 9 kulinda msitu wa kijiji upande wa Masito, wilayani Uvinza. Tulikuwa wanane. Mwaka wa kwanza walikuja wageni, wakatuletea fulana 30 zenye picha ya sokwe na bango moja kubwa. Tukapigwa picha, tukashukuru. Wiki ile ile mwenzangu alichomwa na kisiki kwenye unyayo, akalala ndani siku 19, na sisi tuliobaki tukawa tunachangishana hela ya dawa. Sijasahau. Tangu hapo, mtu akiniambia anataka kusaidia walinzi wa kujitolea, huwa namuuliza: umewauliza wenyewe wanakosa nini?

Kwa hiyo mpigie binamu yako kabla hamjagusa hata senti. Mwulize wako wangapi, nani anatunza daftari lao, mara ya mwisho waliumwa nini na nani alilipa. Majibu hayo yatawaongoza kuliko mimi.

Sare za kijani ziacheni kabisa. Huko kuna makundi yenye silaha na kuna jeshi, na mtu aliyevaa kijani akitokea kichakani alfajiri hakuna atakayemwuliza jina. Katika hifadhi ya Virunga, kaskazini mwa hapo, askari wa wanyamapori zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka hii wakiwa kazini, na hao wamefunzwa na wana bunduki. Binamu yako ana panga na simu. Mnunulieni gambuti na koti la mvua la rangi ya kawaida, kama anavyovaa mkulima yeyote akienda shamba. Wakati wangu nilitamani sana gambuti.

Fedha taslimu nazo zina shida yake. Zikifika kwa mkupuo kwa mtu mmoja, wenzake wataanza kuhesabu. Mimi ningegawa hivi: kama nusu iende kwenye viatu na akiba ya matibabu, ikae mikononi mwa watu wawili wa kikundi chao, iandikwe daftarini na kusomwa mbele ya wote. Nusu nyingine igeuzeni bidhaa, na bidhaa mnayo, mwanangu. Mnaianika kila siku.

Fikiria kinachompeleka mtu kutega. Wengi hawamtaki gorila hata kidogo. Wanataka kitoweo. Mtego wa kitanzi anatega njia ya paa au mbawala, kwa waya wa breki ya baiskeli, na gorila mdogo anapita anaingiza mkono. Unakumbuka habari ya Bwindi, Uganda, mwaka 2020? Dume la gorila lililoitwa Rafiki liliuawa, na mtu aliyefungwa miaka 11 alikuwa ameingia msituni kuwinda wanyama wadogo. Kwetu Masito nilikuwa namwona sokwe jike asiye na kiganja cha kulia. Anapanda mti kwa kiwiko, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Ukishamwona mmoja wa namna hiyo huhitaji semina.

Sasa, dagaa wenu mkavu huvuka ziwa kwa boti za Uvira. Wapelekeeni wake wa walinzi magunia mawili matatu kwa bei ya Kibirizi, wauze pale kijijini kwa vipimo vidogo ambavyo mtu maskini anamudu. Mtaji ukirudi, mnatuma tena. Faida inaingia kwenye mfuko wa walinzi. Mlinzi akienda doria ana cha kufunga kwenye mfuko, hakihitaji moshi wa kukaangia, na jirani aliyekuwa akitega anapata kitoweo bila kuingia msituni. Sisemi dagaa wataondoa ujangili wote. Anayewinda kwa biashara ya wachimba madini hatanunua kipimo chenu. Ila yule wa kitoweo namjua, nimeishi naye.

Weka na sabuni ya mawese, ile miche mirefu mnayotengeneza Ujiji. Gorila anapata mafua yetu, na kwake yanaweza kuwa kifo. Anayewafuata anatakiwa kubaki umbali wa mita 10, avae barakoa, na akiwa na kikohozi asiende kabisa. Sabuni nyumbani kwa mlinzi ni ulinzi wa gorila moja kwa moja.

Bwindi wana wanakijiji wa kujitolea ambao kazi yao ni kuwarudisha gorila msituni wanapoingia kwenye migomba ya watu, kabla mwenye shamba hajakasirika. Wako pia wahudumu wa afya wa vijijini wanaojitolea, ambao walisaidiwa kwa mifugo ya kikundi na vikundi vya kuweka akiba, ndiyo maana wamedumu. Kwa Kongo mifugo siipendekezi kwa sasa. Vita vikipita, mbuzi ndio wa kwanza kuondoka.

Jambo jingine huwezi kulinunua. Mtego wa kwanza nilioutegua ambao nilimjua mwenyewe ulikuwa wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Misimu miwili hatukusalimiana. Mke wangu alikaa katikati, analia upande huu na ule. Kilichotuokoa ni serikali ya kijiji. Mtendaji na wajumbe wawili walikwenda wenyewe, wakasoma sheria ndogo tulizopitisha sote mkutanoni, faini ikatoka kwao na si kwangu. Mwulize binamu yako kama chifu wao na wazee wanasimama naye hadharani. Mwulize pia kuhusu Watwa, wenyeji wa asili wa msitu ule. Hao walitolewa katika msitu wa Kahuzi miaka ya 1970 bila kupewa ardhi ya maana, nao ndio waliokuwa wakijua nyayo za gorila kuliko yeyote. Kama kikundi cha binamu yako hakina Mtwa hata mmoja, hiyo ni kasoro, na mnaweza kuisema kwa upole mkiwa watoaji.

Na msaada mkubwa kuliko wote niliopata kwa miaka ile 9? Mwaka wa tano, masika, mke wangu alikuwa analima maharage peke yake kwa sababu mimi nipo doria. Majirani tisa wakaja na majembe siku mbili, wakamaliza palizi, wakala ugali, wakaondoka. Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Sikuacha.

Mumeo asikukwaze, wala usibishane naye kwa ukali. Mwonyeshe hesabu: fedha hizi zinakwenda kwenye viatu vya mtu, dawa ya mtu na chungu cha mtu. Na kama bado hajaridhika, mwambie sokwe wetu wengi wanaishi nje ya hifadhi za taifa, wengine kwenye ardhi za vijiji, na huko kuna walinzi wa kujitolea wenye shida zilezile. Ajiunge nasi kwa hao wa hapa.

Mzee, mimi ni mfuga nyuki wa Tabora. Nikienda kukagua mizinga hukuta mitego ya waya, na mara moja nilikuta paa amekwisha kufa. Niitegue? Nyama niichukue nisiiache ioze?
K., Tabora

Nyama usiiguse, kijana wangu. Hata pembe, hata kipande cha ngozi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaziita nyara za serikali, na ukikutwa nazo bila kibali wewe ndiye utakayeeleza, aliyetega yuko nyumbani kwake amelala. Nyaya nazo usizikusanye kwenye mfuko wako ukiwa peke yako, kwa sababu hiyohiyo. Piga picha mahali ulipo, kumbuka mti au mzinga wa karibu, rudi kijijini umweleze mtendaji au ofisa wanyamapori siku ileile, kisha mrudi pamoja mkautegue. Na mwenyekiti wako wa chama cha wafuga nyuki ajue. Ninyi mnaingia porini kila wiki kuliko askari yeyote. Ombeni kijiji kiwaandike rasmi, majina yenu yawe kwenye daftari la mtendaji kabla ya kukuta mtego mwingine.